Kilo Sita Kabla ya Kisu

Mliniacha juu ya mizani ya hospitali, viatu mkononi, nikiitazama tisini na nne kwa wiki ya saba mfululizo.

Kwa aliyeingia leo, habari yenyewe ni fupi. Figo za Dada yangu zimekufa. Mara tatu kwa wiki analala pembeni ya mashine inayomsafishia damu. Figo yangu moja inamfaa, vipimo vyote vimekubali isipokuwa kimoja: unene wangu. Daktari wa upasuaji alisema hawezi kumpasua mtu mzima wa afya mwenye kilo mia na kumi na mbili. Nishuke kwanza hadi themanini na nane, ndipo tuzungumze.

Nikashuka. Miezi mitano nilishuka kama jiwe kisimani. Kisha, pale kwenye tisini na nne, mwili ukapiga breki. Zilibaki kilo sita tu, na hizo sita zikakaa kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Leo nitasema kwa nini zilikaa. Wiki tatu nimekuwa nikiwaandikia mambo mengine kwa sababu hili linaniaibisha.

Mtaalamu wa lishe pale hospitali, wagonjwa wanamwita Bi Kipimo. Mezani pake kuna mizani ndogo ya jikoni, na nadhani hata mume wake huwa anapimwa kabla ya kuketi. Siku ile alilifungua daftari langu la chakula, akajumlisha kwa kalamu, akajumlisha tena. Akasema kwa chakula kilichoandikwa mle, nilipaswa kuwa kilo tisini na moja.

"Ama mizani yangu inadanganya, ama daftari lako," alisema. "Mizani nimeikagua jana."

Nikaapa kwamba nimeandika kila kitu, hata ndizi nusu niliyopewa kazini. Nikamkumbusha kwamba nina shahada ya takwimu, kuhesabu ndiyo kazi niliyosomea.

"Shahada haili," alisema. "Anayekula ni wewe. Kesho usiniletee daftari. Niletee chakula chenyewe."

Mimi na Dada tunaishi vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani yake, meza ya kukatia vitambaa na kitanda changu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na tisa. Kuanzia darasa la pili hadi chuo kikuu, nimesomeshwa na mguu wake juu ya kanyagio la ile cherehani. Mumewe, shemeji yangu, aliondoka mwezi wa pili wa mashine. Alisema anakwenda kumjulia hali mjomba wake. Hadi leo anamjulia.

Pamoja na ugonjwa wake, Dada hakuniruhusu kusogelea jiko. Alipika sufuria mbili: yake isiyo na chumvi, na yangu ya mtu anayepungua. Asubuhi uji, jioni maharage na mboga za majani. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima kwa kikombe na kuandika. Kikombe kimoja ni kikombe kimoja, ndivyo nilivyojiambia.

Kesho yake nikapeleka uji kwenye chupa ya chai na maharage kwenye bakuli. Bi Kipimo aliumimina kwenye sahani, akachovya kijiko, akapaka kidogo kwenye karatasi ya kaki na kuianika dirishani. Akaendelea na wagonjwa wengine. Nilisubiri karibu saa nzima. Aliponiita, aliikwangua ile karatasi kwa ukucha na kuinyanyua mbele ya jua.

Pale ulipopakwa uji, karatasi ilikuwa inaangaza kama kioo cha taa.

Akasema ni karanga, zimesagwa laini mpaka zimekuwa poda, na siagi juu yake. Maharage nayo yalikuwa yanaogelea kwenye mafuta. Aliyaona bila hata kuyapaka.

"Huu si uji wa mtu anayepungua," alisema. "Huu ni uji wa mzazi. Nani anakupikia?"

Nikaanza kuifunga chupa ya chai.

"Ndiye huyo unayetaka kumpa figo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Bi Kipimo aliweka kalamu chini.

Nilirudi kwa miguu, njia nzima nikiyapanga maneno. Nilimkuta cherehanini anashona sare ya shule. Mishipa ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imeziba mwezi uliotangulia, kwa hiyo sasa mpira wa mashine unaingilia shingoni, na bandeji ilikuwa imevimba juu ya kola kama mtu aliyemficha kifaranga.

Nikaiweka chupa ya chai juu ya meza ya cherehani. Aliitazama. Akashona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu ulipoleta ile picha."

Ile picha ilikuwa karatasi ya hospitali yenye mchoro wa mwili wa mtu. Daktari alikuwa amepiga mstari wa kalamu nyekundu ubavuni kunionyesha watakapopasua. Nilimletea Dada nikidhani itamtia moyo.

"Mama aliniachia wewe mzima," alisema. "Nikikutana naye huko nimwambie nini? Kwamba nusu nilikula mimi?"

Hapo nikayatoa yote niliyoyapanga njiani. Nikamwambia mtu anaishi miaka themanini na figo moja. Nikamtajia asilimia. Nikamwambia anajiua kwa mwiko, taratibu, huku ananitazama machoni, na kwamba hana haki ya kunichagulia. Nadhani jirani wa ukuta wa pili alizima redio ili asikie vizuri.

Aliniacha nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Una ulimi au huna?"

Sikuelewa. Au niliuliza "Unasemaje?" kwa sauti ya mtu asiyeelewa.

"Karanga zinanukia," alisema. "Sijapata kuona karanga zinazojificha. Siku ya kwanza ulionja, ukaninyanyulia macho, ukainama tena. Ukala. Ukalamba kijiko. Nikasema moyoni, basi, tumeelewana."

Ndugu msomaji, nilijua.

Asubuhi ile ya kwanza ulimi uliniambia, nami nikauambia unyamaze. Kila wiki nilipanda mizani, nikaikuta tisini na nne palepale nilipoiacha, nikavaa uso wa huzuni. Lakini kifuani kulikuwa na kitu kinachoketi chini na kunyoosha miguu. Kisu kimesogezwa wiki moja mbele. Na si mimi niliyekataa, mwili ndio umekataa. Kijana wa watu amejitahidi, nani atamlaumu? Kazini walinipa pole, nami nikazipokea.

Ni mimi huyohuyo niliyesimama mbele ya wenzangu chuoni na kusema, machozi yakinilengalenga, kwamba binadamu ameumbwa kwa ajili ya mwenzake. Walinipigia makofi. Nililiamini neno lile, na bado naliamini. Ila siku ile nilikuwa sijaonyeshwa mstari mwekundu.

Tukalala bila kuagana. Nikaamka kabla yake, nikawasha jiko. Alikuja akasimama mlangoni, khanga mabegani, akinitazama ninavyobabaika na mwiko.

"Kuanzia leo najipikia mwenyewe," nikasema.

"Utaniunguzia sufuria."

Nikaiunguza kweli.

Bi Kipimo nilimweleza yote, hata habari ya ulimi. Sikupata pole. Aliniambia karanga ni nusu ya kesi tu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nakula chakula cha mtu wa kilo mia na kumi na mbili.

"Yule mtu hayupo tena," alisema. "Mwili mdogo unaendeshwa kwa kidogo. Acha kumlisha mtu aliyeondoka."

Akanipunguzia wanga kwa theluthi. Akaniongezea mayai, maharage yasiyo na mafuta, na mboga za majani sahani nzima. Akanikataza kujinyima hadi nizimie, maana mwili ukiona njaa kali unabana kila kitu. Nilale muda wa saa saba kila usiku. Na ile saa moja ya kutembea niliyokuwa najivunia, alisema mwili umeshaizoea, unaifanya huku umesinzia.

"Tafuta kitu kizito ubebe. Misuli inakula hata ukiwa umeketi."

Kitu kizito sikukitafuta mbali. Ninafanya kazi kwenye ghala la vitabu vya shule. Wenzangu wanabeba katoni kutoka kwenye lori hadi ghorofa ya pili, mimi ninaketi mlangoni na kuweka alama ya vema kwa kila katoni inayopita. Hiyo ndiyo takwimu yangu kwa sasa.

Mkuu wa wapagazi anaitwa Winchi. Ni mwembamba kama fagio, umri wa baba yangu angekuwapo, na anabeba katoni mbili kwa mpigo huku anasimulia mpira. Nilipomwambia nataka kubeba, aliniuliza kama nimeshushwa cheo. Wapagazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akajitolea kukaa kwenye kiti changu aweke vema, akasema siku zote alikuwa anatamani kunenepa.

Sikuwaambia sababu. Winchi pekee nilimwambia, pembeni. Akanisogezea katoni kwa mguu.

"Chuchumaa. Beba kwa miguu, msomi. Mgongo uachie kitanda."

Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya geti. Siku ya tatu nilishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mapaja yalikataa kukunjika. Winchi alipita na katoni zake mbili, akaniuliza kama nimesahau kitu juu.

Wiki mbili nilikula nilivyoelekezwa, nikalala nilivyoelekezwa, nikabeba siku tatu kila wiki. Nikaenda kupima.

Tisini na nne.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikajisikiliza kifuani. Safari hii hakuna kilichoketi kunyoosha miguu. Nililia mbele za watu, na mama mmoja mwenye bandeji ya mguu akanisogezea kitambaa chake cha kichwa nijifute.

Bi Kipimo alinitazama kuanzia mabegani hadi miguuni, akasema niache kuiangalia mizani peke yake, nikapimwe kiuno. Yaani nikapimwe na fundi cherehani. Yaani nirudi nyumbani nikamwombe yule ambaye hakutaka nipungue hata uzi mmoja.

Nikamwomba. Akasema tepu imepotea. Ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, upande usio na bandeji.

Nikamwomba na kesho yake. Akasema ana kazi za watu.

Siku ya tatu, nilikuwa nasuuza sahani yangu, nikasikia kanyagio la cherehani linasimama. Alikuja nyuma yangu, akanizungushia tepu kiunoni. Vidole vyake vilikuwa baridi na vinanukia dawa ya hospitali. Alivuta, akalegeza, akasoma, akarudia.

"Thelathini na nane," alisema, kama mtu anayesoma jina kwenye tangazo la msiba.

Mara ya mwisho zilikuwa inchi arobaini na moja. Mafuta yalikuwa yanatoka na misuli inaingia, ila mizani ilikuwa haijapata habari. Dada aliichukua suruali yangu ya kazini iliyokuwa msumarini, akafumua mshono wa nyuma, akaketi kuipunguza. Hakuninyanyulia macho. Alipofika mwisho alikata uzi na kunirushia suruali begani.

Wiki iliyofuata mizani ikapata habari. Tisini na tatu. Tisini na moja na nusu. Kwenye tisini nilikwama tena siku kumi, nikaongeza katoni, nikapunguza vijiko viwili vya wali, nikapita.

Ningependa niishie hapo, niwaambie tulifurahi. Lakini mimi nilipokuwa napungua kwa jasho, yeye alikuwa anapungua bure.

Jioni moja alirudi kutoka kwenye mashine akashindwa kupanda vidato vitatu vya mlango wetu. Alikaa kwenye kidato cha kwanza, mkoba mapajani, akijifanya anatafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi mwangu. Nikachuchumaa. Nikambeba kwa miguu, mgongo wima. Alikuwa na uzito wa katoni mbili. Ninajua, hiyo ndiyo kazi yangu.

"Umekonda, mdogo wangu," alisema begani kwangu.

"Hata wewe."

"Mimi wala sijaribu."

Tulicheka hadi ndani. Kisha alikohoa, na bandeji ya shingo ikaanza kulowa.

Muuguzi wa mashine aliniita pembeni kesho yake. Alisema mpira wa shingoni umeanza kuziba kama ile mishipa ya mkono. Watauhamishia upande wa pili, na ule ukiziba, hajui watauhamishia wapi. Sikumwuliza Dada amebakiwa na muda gani. Alinitajia mwenyewe: miezi, na si mingi.

Jumatatu hii nikapanda mizani. Themanini na saba nukta sita.

Bi Kipimo aliiandika, akaipigia mistari miwili chini yake. "Ondoka hapa," alisema, akageukia dirishani na kukaa hivyo, mgongo kwangu, kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kutazama maegesho ya magari.

Nikadhani sasa imebaki tarehe. Kumbe ilibaki karatasi moja ya kutia sahihi ya ridhaa, na kabla ya hiyo karatasi, chumba kimoja. Pale hospitali mtoaji na mpokeaji husikilizwa na mshauri, kila mmoja peke yake. Dada alianza. Alikaa ndani dakika kumi, akatoka akiwa amekunja uso, akaenda kwenye benchi la nje. Nikaingia.

Mshauri ni mwanamume wa sauti ya chini, shati limepigwa pasi vizuri. Aliurudisha mlango nyuma yangu, akausukuma kuona kama umeshika. Hakuuliza habari ya uzito. Hakuuliza habari ya damu.

"Kila mtoaji ninamwuliza jambo moja," alisema. "Unataka?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Akanyanyua mkono.

"Usinijibu haraka. Huenda umeshawaahidi watu. Huenda wamekuita shujaa. Humu ndani hayo hayapo. Kama hutaki, sihitaji sababu. Nitatoka hapo nje niseme vipimo vyako vya mwisho havikukubali. Basi. Hatajua yeye, hatajua mtu yeyote mpaka unaingia kaburini. Faili linafungwa, unarudi kazini kwako."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekufungulia mlango wa nyuma wa nyumba inayoungua.

Na lile likaketi. Palepale kifuani, likanyoosha miguu. Nilikuwa nimedhani nimelitoa kwa jasho kwenye zile ngazi za ghala, pamoja na kilo zangu. Kilo zimetoka, inchi zimetoka, suruali imepunguzwa mara tatu. Lenyewe halikuwa na uzito, mizani ingelionea wapi?

Nikamwuliza baada yangu kuna nani kwenye orodha ya watoaji wa Dada.

Alifungua faili, nadhani kwa heshima tu, maana hakusoma.

"Hakuna."

Nakumbuka feni ya mezani inageuka kwake, inageuka kwangu. Nakumbuka kwamba nilitaka aulize tena, na nilitaka asiulize. Nilijiambia niseme neno moja tu, lolote, na kila nililolifikia lilikuwa zito kuliko katoni ya Winchi.

Mlango ukagongwa. Dada hajawahi kusubiri kuambiwa karibu mahali popote. Kitasa kikageuka, akasimama pale ameshika mwimo kwa mikono miwili, anahema kwa hatua nane za kutoka kwenye benchi.

Hakumtazama mshauri.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

Mshauri alifunga faili taratibu na kunigeukia. Alikuwa na sentensi mbili tayari mdomoni, na alikuwa anasubiri nimwonyeshe kwa macho aitamke ipi.

Nikanyanyua uso.